Ugunduzi mpya wa sayansi na kanda ya kati: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila wiki kwenye makundi ya simu hupita habari inayoanza na "wanasayansi wamegundua". Mara nyingi haisemi ni nani, aligundulia wapi, wala alijuaje. Mimi ni mwalimu hapa Dodoma, na maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi na wanafunzi, wazazi wao na majirani. Katika majibu nimejitahidi kueleza jambo lilivyopimwa, maana bila hilo msomaji hana namna ya kutofautisha ugunduzi na uvumi. Sehemu kubwa ya mambo haya imepatikana hapa hapa kanda ya kati, au kwa jasho la watu wa hapa, na bado watu wa hapa ndio wa mwisho kuyasikia. Hilo linaniuma, na ndiyo sababu nimeandika.

Dodoma ni nchi kavu. Iweje visima vya Mzakwe visikauke?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu lake ni refu kidogo.

Visima vya Mzakwe viko katika bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, na vimelinywesha jiji kwa miongo mingi. Tangu miaka ya 1950 wataalamu wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji katika bonde hilo. Mtu anashusha kipimo ndani ya kisima cha uchunguzi, anasoma maji yako umbali gani kutoka juu, anaandika, anaondoka. Kazi ya kuchosha, isiyo na sifa yoyote. Lakini haikuachwa. Ilivuka uhuru, ikavuka miaka ya njaa na miaka ya mafuriko, hadi zikapatikana kumbukumbu za miaka 55. Mwaka 2013 Richard Taylor wa University College London na wenzake, wakiwemo wataalamu wa maji wa Tanzania, walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo katika jarida la Nature Climate Change. Ukanda wa tropiki una kumbukumbu chache mno za urefu huo.

Walichokiona ni kwamba kina cha maji hakipandi na kushuka kila mwaka pamoja na mvua. Maji hushuka kwa miaka mfululizo, kisha hupanda ghafla ndani ya msimu mmoja. Mvua zetu za kawaida, zile za kati ya Desemba na Aprili, karibu zote huishia kwenye mizizi na kwenye jua. Kinachojaza hazina ya chini ni misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98 ambao watu wazima wanaukumbuka kwa madaraja kusombwa. Misimu ya namna hiyo huja hasa pale El Niño inapokutana na joto lisilo la kawaida upande wetu wa Bahari ya Hindi.

Utafiti uliofuata katika bonde lile lile ukaonyesha maji yanapopitia: kwenye mchanga wa makorongo, hasa mto Kinyasungwe Ndogo, ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna hata tone. Kinachohesabika zaidi ni siku ngapi mto unabaki ukitiririka. Ukisimama kwenye korongo lolote la huku siku chache baada ya mvua, juu utaona mchanga uliokauka kabisa, lakini ukifukua kwa mkono kiasi cha kiwiko unakuta unyevu, na ukiendelea maji yanaanza kujikusanya chini ya kidole. Akina mama wa vijiji vya Bahi na Chamwino walijua hivyo kabla ya jarida lolote. Wasichoweza kukiona kwa macho ni kwamba sehemu ya maji hayo inaendelea kushuka, na miaka kadhaa baadaye ndiyo inayotoka bombani mjini.

Mwaka 2019 Mark Cuthbert na wenzake waliunganisha kumbukumbu za visima 14 kutoka nchi tisa za Afrika kusini mwa Sahara, Makutupora ikiwemo, wakaona kwamba sehemu kavu nyingi hujazwa kwa vipindi kama Dodoma. Walichapisha katika Nature.

Kwa hiyo mabadiliko ya tabianchi ni neema kwetu?

Hapana. Mvua kubwa inaweza kujaza maji ya chini na wakati huo huo ikabomoa nyumba, ikazoa udongo wa shamba na kuacha mtama umelala. Na hazina inayojazwa mara chache haina budi kutumiwa kwa hesabu, kwa sababu kati ya msimu mkubwa mmoja na mwingine inaweza kupita miaka mingi. Tangu serikali ihamie hapa, jiji limekua haraka na uchotaji umeongezeka. Kwa maoni yangu, makorongo yetu yanastahili ulinzi kama tunavyolinda visima vyenyewe: yasichimbwe mchanga ovyo, yasijengwe, yasigeuzwe majalala.

Ni kweli Mhadzabe anayetembea kutwa nzima hachomi nguvu kuliko mtu wa ofisini?

Ni kweli, na wengi hawaniamini ninapowaambia.

Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe 30, watu wanaoishi kwa kuwinda na kukusanya chakula porini karibu na Ziwa Eyasi. Wanaume walitembea takriban kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kupima nguvu waliwapa maji maalumu ya kunywa, ambayo haidrojeni na oksijeni zake ni nzito kidogo kuliko za kawaida lakini hazina madhara. Haidrojeni hutoka mwilini kwa njia ya maji tu, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa maji hayo hayo, na pia kwa hewa ukaa tunayoitoa tukipumua. Ukipima mkojo kwa siku kadhaa unaona oksijeni ile imepungua haraka kuliko haidrojeni, na tofauti yake inakuambia mtu ametoa hewa ukaa kiasi gani. Kutoka hapo unajua amechoma nguvu kiasi gani. Huhitaji kumvalisha kifaa wala kumfungia chumbani.

Matokeo yalipolinganishwa na ya watu wa Marekani na Ulaya, na ukubwa wa mwili ukazingatiwa, hapakuwa na tofauti ya maana. Pontzer anaeleza kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi sehemu nyingine. Wataalamu bado wanabishana ubanaji huo unafikia wapi, lakini kipimo chenyewe kimesimama.

Tafadhali usitumie habari hii kama sababu ya kukaa kitako. Wahadzabe wana mioyo yenye afya na shinikizo la damu ni adimu kwao, na wanatembea hivyo hadi uzeeni. Mazoezi yanafanya kazi kubwa mwilini. Ila anayetaka kupunguza uzito aanze na sahani, hasa sukari, soda na chipsi.

Mwaka 2021 Pontzer na watafiti wengi wenzake walitoa vipimo vya watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29. Ikaonekana kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, kasi ya mwili kutumia nguvu haibadiliki kati ya umri wa miaka 20 na 60. Wale tunaosema "umri ndio unaninenepesha" tukiwa na miaka 40 hatuna ushahidi.

Lazima mtu alale kwa muda wa saa nane kila usiku?

Mwaka 2015 watafiti waliwapima usingizi Wahadzabe, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, jamii ambazo hazitegemei umeme. Walilala wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1. Hapakuwa na saa nane wala usingizi wa mchana wa kila siku.

Utafiti wa 2017 ulinigusa zaidi. David Samson na wenzake waliwavalisha Wahadzabe wazima 33 vifaa vya mkononi vya kupima usingizi kwa siku 20. Katika siku hizo zote, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulifikia dakika 18 tu. Kila saa ya usiku kulikuwa na mtu macho au nusu macho: wazee hulala mapema na kuamka mapema, vijana huchelewa. Kambi haikupanga zamu ya ulinzi, na bado ilikuwa na mlinzi karibu muda wote. Bibi yenu anayeamka saa tisa usiku na kuanza kukohoa sebuleni, akiwa hana maumivu wala uchovu mchana, huenda mwili wake unafanya kile ambacho miili ya wazee imefanya tangu zamani.

Ndege anayeonyesha asali anaelewa kweli anachoambiwa?

Anaelewa ishara ya mahali alipo, na ishara hiyo hutofautiana.

Wahadzabe wakitaka asali hupiga mluzi wenye mapindo. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hutoa mlio unaotetemesha midomo na kumalizia na mguno, kitu kama "brrrr-hm". Ndege ni wa aina moja kote. Anakuja, anapiga kelele, anaruka mti kwa mti hadi kwenye mzinga wa mwituni. Binadamu anavunja na kutoa moshi, anachukua asali, ndege anabaki na nta, chakula asichoweza kukipata bila shoka la mtu.

Claire Spottiswoode na Brian Wood walipeleka milio yote miwili pande zote mbili kwa vipaza sauti, na Desemba 2023 wakachapisha matokeo katika jarida la Science. Kwa Wahadzabe, ndege waliitikia mluzi wa kienyeji zaidi ya mara tatu ya walivyoitikia mlio wa Wayao. Niassa walipendelea mlio wa Wayao karibu mara mbili.

Sasa fikiria ndege huyu anavyozaliwa. Mama yake hutaga kwenye kiota cha ndege wa aina nyingine na kuondoka. Mtoto hawajui wazazi wake, kwa hiyo hawezi kurithi kwao ishara ya eneo. Yaelekea anajifunza ukubwani, kwa kuona nani anayefanikiwa kupata nta. Uhusiano huu wa binadamu na ndege wa porini unaishi kwa kufundishana pande zote mbili, na vijana wakiacha kurina, ndege nao hawatakuwa na cha kujifunza. Kwa Wahadzabe, asilimia 8 hadi 10 ya chakula hupatikana kwa msaada wa ndege huyu.

Michoro ya Swaga Swaga ni ipi? Si michoro yote iko Kolo?

Kolo na miamba jirani wilayani Kondoa ndiyo inayojulikana, na iliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Lakini upande wa pili, katika Pori la Akiba Swaga Swaga, Maciej Grzelczyk wa Chuo Kikuu cha Jagiellonian cha Poland aliona mwaka 2018 mwamba unaoitwa Amak'hee 4. Aliuchapisha mwaka 2021 katika jarida la Antiquity.

Mwamba huo umeinama kama paa, ndiyo maana mvua na jua havikufuta picha. Nyingi zimechorwa kwa rangi nyekundu, chache nyeupe. Katikati wapo viumbe watatu wamesimama pamoja, miili kama ya watu, vichwa vikifanana na vya nyati: pembe zinainuka kutoka katikati ya kichwa kisha zinajipinda kwenda nje. Viumbe watatu wa namna hiyo wanaonekana pia kwenye miamba mingine michache ya kanda hii, kwa hiyo si mchoraji mmoja aliyejifurahisha.

Maana yake? Dini ya Wasandawe wa leo haina watu wenye vichwa vya nyati. Lakini wana ngoma ya simbo, ambamo mchezaji huingia katika hali ya kupagawa, na katika maelezo ya zamani nyati ana nafasi ndani yake. Grzelczyk anaona uhusiano unawezekana, naye analisema kama dhana. Umri wa picha haujapimwa moja kwa moja. Unakadiriwa kuwa angalau mamia kadhaa ya miaka, kwa jinsi rangi ilivyochakaa na kwa kukosekana kwa ng'ombe wa kufugwa.

Nikikuta michoro mwambani nifanye nini?

Usiiguse. Usimwage maji ili ing'ae kwenye picha ya simu, maana maji hayo ndiyo yanayoiua. Usifukue chini ya mwamba. Watu wengi Kondoa wamechimba chini ya michoro wakitafuta rupia na dhahabu ya Mjerumani, na wameharibu tabaka za udongo zenye mabaki ya makumi ya maelfu ya miaka. Mjulishe mwenyekiti wa kijiji, na ofisi ya mambo ya kale iliyoko Kolo.

Mabaki gani hayo ya makumi ya maelfu ya miaka?

Shanga, kwa mfano. Pango la Kisese II, ndani ya eneo la Urithi wa Dunia la Kondoa, lilichimbwa mwaka 1956 na Ray Inskeep. Vitu vyake vikakaa makumbusho. Mwaka 2018 Christian Tryon na wenzake walivirudia na kupima upya umri, wakakuta shanga za maganda ya mayai ya mbuni zina zaidi ya miaka 40,000.

Kisha mwaka 2022 Jennifer Miller na Yiming Wang walipima shanga zaidi ya 1,500 kutoka sehemu 31 za mashariki na kusini mwa Afrika: upana, unene, tundu. Kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita shanga za kanda hizo mbili zilifanana mno, jambo linaloonyesha kwamba watu waliokuwa mbali kiasi cha kilomita 3,000 walikuwa na mawasiliano, huenda ya mkono kwa mkono. Baada ya hapo mnyororo ukakatika, wakati ambao mvua za bonde la Zambezi zilibadilika. Mkufu umetuonyesha barabara ambayo hakuna ramani iliyoiandika.

Gesi ya heliamu inahusianaje na mawe ya Dodoma?

Mawe makubwa unayoyaona ukitoka mjini kwenda Bahi au Manyoni ni sehemu ya kitako cha kale cha bara hili, chenye zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ndani yake mna urani na thoriamu kidogo kidogo, ambazo huoza polepole na kila zinapooza hutoa heliamu. Gesi inanaswa ndani ya mwamba. Inahitaji joto ili itoke, na joto hilo linatoka kwenye Bonde la Ufa linalopasua kando ya kitako hiki.

Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham pamoja na kampuni ya Helium One walitangaza heliamu nyingi bonde la Rukwa, kusini-magharibi. Kilichokuwa kipya ni njia. Zamani heliamu ilipatikana kwa bahati, watu wakichimba mafuta au gesi asilia. Safari hii ilitafutwa kwa makusudi kwa kufuata hoja hiyo ya mwamba mzee na joto jipya. Hoja hiyo hiyo imewapeleka watafutaji maeneo ya Eyasi na Balangida, karibu nasi zaidi. Heliamu ndiyo inayopoza sumaku za mashine za MRI hospitalini. Lakini kati ya kugundua gesi na kuiuza kuna miaka mingi na fedha nyingi, kwa hiyo mtu asikimbilie kununua viwanja.

Na punda, zabibu na mibuyu?

Kwa kifupi. Vinasaba vya punda 207 wa leo na 31 wa kale vilionyesha mwaka 2022 kwamba punda alifugwa mara moja tu duniani, Afrika Mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Kila punda wa Ulaya na China ana asili huku. Punda anayebeba madumu Mvumi anastahili heshima kuliko fimbo anazopata.

Zabibu zilipimwa mwaka 2023, sampuli zaidi ya 3,500: zilianza kulimwa takriban miaka 11,000 iliyopita katika sehemu mbili kwa wakati mmoja, Mashariki ya Kati na kusini mwa Kaukazi. Za kwetu Dodoma ni wageni wa juzi, ila wageni wanaozaa mara mbili kwa mwaka.

Mibuyu, kwa utafiti wa 2024, asili yake ni Madagaska, kama miaka milioni 21 iliyopita. Baadaye aina moja ikavuka bahari kuja bara na nyingine ikafika Australia.

Ni kweli maskini wakipewa pesa taslimu wanazinywea pombe?

Hapana, na sehemu ya ushahidi imetoka Chamwino.

Kabla TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, haijapeleka ruzuku ya kaya maskini nchi nzima, ilifanya majaribio kuanzia 2010 katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji vilikuwa 80. Kwa bahati nasibu 40 vilianza kupokea, 40 vikasubiri. Bahati nasibu ndiyo moyo wa kipimo hiki: bila hiyo usingejua kama tofauti imeletwa na pesa au na ujanja wa waliochaguliwa. Watoto wadogo wa kaya zilizopokea waliugua siku chache zaidi. Kaya zilijiunga zaidi na mfuko wa afya ya jamii, zikanunua mbuzi na kuku, na watoto wakavaa viatu. David Evans, mmoja wa waliofanya tathmini hiyo, alipitia baadaye pamoja na Anna Popova tafiti 19 za nchi mbalimbali; kwa jumla matumizi ya pombe na sigara hayakuongezeka.

Kubwa kuliko hilo lilionekana Siaya, Kenya. Kaya 10,500 hivi zilipewa dola 1,000 kila moja, na vijiji zaidi ya 650 vikafuatiliwa, vilivyopata na visivyopata. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022: kila dola iliyoingia iliongeza uchumi wa eneo kwa takriban dola 2.5, na bei za bidhaa zilipanda kwa asilimia 0.1 tu. Wengi walitabiri bei zingeruka. Hazikuruka kwa sababu mashine ya kusaga, kinyozi na fundi cherehani walikuwa na muda mwingi wa kukaa bure. Wateja walipoongezeka walifanya kazi zaidi bila kuongeza bei. Mwaka 2025 watafiti wakaonyesha kwamba katika kaya zilizopokea, vifo vya watoto wa chini ya mwaka mmoja vilipungua karibu nusu.

Naomba viongozi wa mitaa wanaosema "hawa wakipewa hela wataharibika" wasome hili mara mbili.

Dawa ya trakoma inaokoa vipi maisha ya watoto?

Kongwa ni jina kubwa katika historia ya trakoma, ugonjwa tunaouita vikope. Jaribio lililochapishwa mwaka 1995 katika The Lancet lilifanyika vijiji vya huko, na lilionyesha kwamba kunawisha watoto nyuso kunapunguza trakoma kali. Baadaye ikaja azithromaisini, dawa ya kuua bakteria inayogawiwa kijiji kizima.

Nchini Ethiopia watafiti wakaona kwamba palipogawiwa dawa ya macho, watoto wachache zaidi walikufa. Kuhakikisha, kukafanywa jaribio kubwa Niger, Malawi na Tanzania, kwa hapa nchini Kilosa, likihusisha watoto zaidi ya 190,000 waliopewa dawa hiyo au kitu kinachofanana nayo kisicho na dawa ndani, mara mbili kwa mwaka. Mwaka 2018 matokeo yakatoka: vifo vilipungua kwa takriban asilimia 14. Niger ilifaidika zaidi. Tanzania, ambako vifo vilikuwa vichache tangu mwanzo, tofauti ilikuwa ndogo.

Usimpe mtoto wako dawa hii kwa kuisoma hapa. Kila inapotumika, bakteria sugu huongezeka, na ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limependekeza itumike hivi mahali penye vifo vingi mno vya watoto tu, kwa ufuatiliaji.

Nitajuaje kama habari ya ugunduzi ni ya kuaminika?

Angalia kama imerudiwa. Mwaka 2015 kundi kubwa la wanasaikolojia lilirudia tafiti 100 zilizokwisha kuchapishwa. Takriban theluthi moja tu ndizo zilizotoa tena matokeo ya wazi.

Mfano ni lile jaribio la peremende: mtoto anaambiwa akisubiri bila kula atapewa ya pili, na eti anayesubiri hufanikiwa maishani. Mwaka 2018 lilirudiwa kwa watoto zaidi ya 900, na hali ya nyumbani ikazingatiwa. Uhusiano ulipungua sana. Kwa mtoto ambaye nyumbani kesho haina uhakika, kula kilicho mbele yake ni uamuzi wa busara. Walimu wenzangu tuliotumia jaribio hilo kuwahubiria wanafunzi uvumilivu tuangalie kwanza nani amekunywa uji asubuhi.

Watafiti wamefika kijijini kwetu. Tuulize nini?

Ombeni kibali. Mtafiti, hasa wa kutoka nje, anatakiwa kuwa na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kama utafiti unahusu afya au anachukua damu, mate au kinyesi, awe na kibali cha maadili kinachotambuliwa na NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Nakala ipite ofisi ya wilaya na ya kijiji.

Kisha ulizeni sampuli zinapelekwa wapi, zitahifadhiwa muda gani, na nani ataona majina. Kila mtu ana haki ya kukataa, na hata aliyekubali anaweza kujitoa katikati bila kunyimwa huduma yoyote. Mwisho, ulizeni matokeo yatarudi lini na kwa lugha gani. Wahadzabe wametoa vipimo vya mwendo, usingizi na hata bakteria wa tumboni kwa makala nyingi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Mkutano wa kijiji ukimwomba mtafiti aje kusoma matokeo kwa Kiswahili mbele ya watu, na jambo hilo liandikwe kwenye muhtasari kabla hajaanza kazi, ombi hilo ni la haki kabisa, na watafiti wazuri hulikubali.